Watoto Wanajifunza Nini? Daftari la Mwalimu wa Darasa la Nne

Maneno haya yalitolewa na mwalimu wa Darasa la Nne wa mojawapo ya shule zetu za msingi za Usangi, katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama uliofanyika Dar es Salaam mwezi Oktoba. Kamati imeyachapa hapa kwa ajili ya wanachama wote, kuelekea harambee ya Desemba nyumbani.



Mimi nimeolewa Usangi. Kwa hiyo nikisimama hapa nasimama kama mkamwana wenu, na mkamwana hasemi sana mbele ya wakwe zake. Lakini mimi ni mwalimu pia, na mwalimu akipewa dakika ishirini huwa anazitumia zote mpaka kengele ilie. Naomba mnivumilie.

Taarifa ya majengo, vyoo na madawati sitaisoma. Mwalimu mkuu ameiandika vizuri na mtaikuta kwenye kurasa zake pamoja na makisio ya bei. Mimi nimekuja kujibu swali moja tu, ambalo niliulizwa Desemba iliyopita na mzee wetu mmoja, naye yupo humu ukumbini.

Mtakumbuka kwamba Desemba mlipokuja nyumbani mlikagua darasa jipya mlilotujengea. Mzee huyo aliingia, akagusa ukuta, akahesabu madirisha, akasifu lipu. Kisha akanigeukia akasema, "Mwalimu, humu ndani watoto wanajifunza nini?" Nikamjibu haraka haraka: Kiswahili, Hisabati, Kiingereza, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili. Akacheka. Akasema, "Hayo ni majina ya masomo. Mimi nimekuuliza wanajifunza nini."

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na aibu kidogo. Januari shule zilipofunguliwa nikanunua daftari la kurasa 48, nikaamua kwamba kila Ijumaa mchana, watoto wakishaondoka, nitaandika jambo moja tu: wiki hii Darasa la Nne wamejifunza nini. Nisiandike nilichofundisha, kwa sababu hicho kipo kwenye azimio la kazi na andalio la somo. Niandike walichojifunza. Hivi vitu viwili ni tofauti, na tofauti yake ndiyo iliyonileta hapa.

Daftari lenyewe ni hili. Tangu Januari hadi leo lina Ijumaa 31. Sitawasomea zote.

Ijumaa ya kwanza nimeandika hivi: "Wiki hii nimejifunza mimi. Watoto 11 kati ya 47 hawajui kusoma."

Ilikuwaje? Wiki ile ya kwanza niliita mtoto mmoja mmoja mezani kwangu asome aya moja ya Kiswahili. Alikuja binti mmoja, mwenye sauti nzuri, asiyekosa kunyoosha mkono. Akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, na vituo akavifuata. Nilitaka kumpigia makofi. Nilipoinama nikaona kwamba maneno anayosoma yako ukurasa wa 12, na kitabu amekifungua ukurasa wa 15.

Yule mtoto hakuwa mjinga. Mjinga hawezi kukariri kitabu kizima. Alikuwa mwerevu kuliko sisi walimu wake, maana alituzunguka miaka mitatu. Darasa la kwanza na la pili tunafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mara nyingi tunasoma kwa pamoja. Mwalimu anasema, darasa linaitikia. Mtoto asiyejua anajificha ndani ya sauti za wenzake, kama mtu asiyejua wimbo anavyofungua mdomo kwenye kwaya.

Kuna jambo la pili, na hili ni la vitabu. Darasa langu lina nakala 12 za kitabu cha Kiswahili kwa watoto 47. Watoto wanne, kitabu kimoja. Wawili wanakaa mbele yake, mmoja anachungulia ubavuni, wa nne anakaa ng'ambo ya meza. Huyo wa nne anaziona herufi zimepinduka miguu juu. Nimefundisha miaka 14 na sikuwahi kukaa kwenye nafasi ya mtoto wa nne. Mwaka huu nilikaa. Jaribuni leo jioni na gazeti, mtaona.

Basi kuanzia Jumatatu iliyofuata nikawa nakaa na wale 11 dakika 20 kila asubuhi kabla ya vipindi. Kuitikia kwa pamoja nikakupiga marufuku. Nilichukua kalenda za zamani, nikaandika nyuma yake sentensi za nyumbani: nani anakamua ng'ombe, nani amechelewa mtoni, makande ya jana yalikuwa na chumvi nyingi. Kila mtoto sentensi yake, na kila mtoto anasoma peke yake. Nitawaambia mwishoni walifika wapi.

Sasa niende Februari. Ijumaa ya tano imeandikwa: "Wamejifunza kwamba kugawanya ni kazi ya ndiva."

Mnaijua ndiva. Wengi wenu mmetumwa kuifunga na kuifungua mkiwa watoto. Kwa faida ya vijana waliozaliwa huku mjini: ndiva ni bwawa letu la asili la kumwagilia. Jioni linazibwa, maji ya mfereji yanakusanyika usiku kucha, asubuhi kizibo kinafunguliwa na kila mwenye zamu anapata maji ya shamba lake. Wazee wetu walikuwa na ndiva kabla ya wakoloni.

Darasa lilikuwa limekwama kwenye kugawanya. Niliweka namba ubaoni, wakanitazama tu. Nikamwomba mzee wa ndiva atupokee. Tulikwenda na ndoo ya lita 20, kipande cha bomba na simu yangu ya kuhesabia sekunde. Tukategesha bomba mahali mfereji unapoingia, tukakinga. Ndoo ilijaa kwa sekunde 40.

Hapo hapo chini ya mti wakaanza kukokotoa. Sekunde 40 ndoo moja. Dakika moja ndoo moja na nusu, yaani lita 30. Saa moja lita 1,800. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni saa 12, kwa hiyo lita 21,600. Siku ile zamu ilikuwa ya mashamba 12. Gawanya: kila shamba lita 1,800, sawa na ndoo 90. Hakuna mtoto aliyeniuliza kugawanya kuna faida gani.

Kisha kijana mmoja akauliza, tena mbele ya mzee: "Sasa mtu akichepusha maji usiku, ndoo mia moja, ameiba shamba zima la mwenzake?" Mzee akanyamaza, akasema, "Ndiyo, na ndoo kumi za mwingine." Watoto wakaanza kutaja jina. Jina hilo sitalitaja hapa, ila ujumbe ulifika nyumbani kwa mhusika kabla ya jua kuzama.

Mwezi Mei, masika imekolea, tulirudi kwenye ndiva ile ile na ndoo ile ile. Ikajaa kwa sekunde 10. Wakakokotoa upya wakapata lita 86,400 kwa usiku mmoja, mara nne ya Februari. Mzee akasema, "Siku zote nilijua kiangazi maji yanapungua. Sikujua kwamba yanabaki robo." Siku ile ndipo nilipoelewa swali la Desemba. Watoto walikuwa wamejifunza kitu ambacho mzee wa miaka sabini alikihitaji.

Tangu hapo wiki ya mazingira haikuwa na taabu. Tulipofika kwenye misitu na vyanzo vya maji sikuhitaji picha ya kitabuni. Tuliutazama msitu wa Kindoroko ulioko juu yetu, nikawauliza maji ya mfereji yanatoka wapi. Nimeandika: "Wamejifunza kwamba ndoo ya sekunde 10 inaanzia msituni." Wiki iliyofuata watoto wawili waliniletea habari ya watu wanaokata miti karibu na chemchemi. Taarifa hiyo niliipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwenye ramani nako tulikuwa na wiki nzuri. Tulipanda hadi kwenye mgongo wa mlima asubuhi isiyo na ukungu, wakaona Ziwa Jipe upande wa mashariki. Tuliporudi, kila mtoto akachora ramani yake: shule, soko, msikiti, kanisa, barabara ya kushuka Mwanga. Mmoja akaichora Dar es Salaam jirani kabisa na Mwanga. Nikamuuliza mbona iko karibu hivyo. Akaniambia, "Mwalimu, basi likitoka asubuhi jioni limefika." Tukatumia kipindi kizima kujifunza kipimio cha ramani. Lakini niliwaza kwamba kwa mtoto yule ninyi hamko mbali. Anawahesabu kama majirani.

Julai, Historia ya Tanzania na Maadili. Tulikuwa tunasoma jinsi watu wetu walivyoupinga ukoloni. Kitabuni kuna Kinjekitile na vita vya Majimaji, kuna Mkwawa, ni sawa. Nikawaambia: nendeni kwa babu na bibi zenu, waulizeni habari ya mbiru, mje nayo Jumatatu.

Wazee mnakumbuka, au mlisimuliwa. Kodi ile ya mbiru ilipoletwa miaka ya 1940, mtu alitozwa kwa kukisiwa mali yake, na waliokisia hawakueleza walivyofikia hesabu yao. Mwaka 1945 wanaume wa Upare waliteremka kwa maelfu hadi Same kuipinga, wakakaa huko muda mrefu mashamba yakiwa nyuma. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakatoka, wakawakabili wakubwa waziwazi. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, aliyaandika haya kitabuni, na dunia inayajua.

Jumatatu ile sikufundisha. Nilisikiliza. Mmoja alikuja na habari kwamba mama wa bibi yake alikuwemo kati ya wale wanawake, na alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Mtoto aliyebebwa ndiye bibi huyo, na bado yu hai. Darasa zima likataka kwenda kumwona. Tulikwenda. Bibi alitutazama watoto 47 tumejaa uani kwake, akasema kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuona shule inakuja kwake kuuliza kitu.

Ijumaa ile nimeandika: "Wamejifunza kwamba historia ina bibi." Insha za wiki ile ndizo ndefu kuliko zote walizowahi kuandika. Wale ambao siku zote wanaandika mistari minne wakaomba karatasi ya pili.

Ndugu zangu, mpaka hapa mnaweza kudhani nimekuja kujisifu. Sasa nifungue kurasa ambazo sizipendi.

Nimesema Ijumaa ni 31. Katika hizo, Ijumaa nane nimeandika neno moja tu: "Hakuna." Nilifundisha wiki hizo, na mahudhurio yapo kwenye rejista. Ila nilipokaa Ijumaa na kujiuliza kwa uaminifu watoto wameondoka na nini, sikupata kitu. Wiki nane ni miezi miwili ya shule. Naomba niwaeleze zilikwenda wapi, moja baada ya nyingine, kwa sababu hazikuliwa na shetani.

Wiki tatu zilichukuliwa na mvua. Darasa letu jipya halivuji, tunawashukuru sana. Lakini ni bati tupu, halina dari. Mvua ya masika ikipiga juu ya bati, mwalimu anaweza kupiga kelele mpaka mishipa imtoke, na mtoto wa dawati la pili hasikii. Siku hizo kazi yangu ni kuandika ubaoni na wao kunakili. Anayejua kusoma ananakili maneno. Asiyejua ananakili maumbo, kama mtu anayechora ua. Aprili kulikuwa na wiki tatu za namna hiyo, mvua ikianza saa tatu asubuhi na kukata saa saba.

Wiki mbili zilichukuliwa na njaa. Nasema njaa kwa sababu ndilo jina lake. Ilikuwa kabla ya mavuno, magunia ya shule yalikwisha, jiko halikuwaka. Kuna watoto wanaotoka nyumbani saa 11 alfajiri na kupanda mlima mpaka shuleni. Ikifika saa sita wanakutazama bila kukuona. Mtoto mwenye njaa hafanyi fujo, anakaa kimya sana, na mwalimu mgeni anaweza kudhani ana nidhamu.

Wiki mbili nyingine mwalimu mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, nami nikawa na madarasa mawili, hili na la jirani. Nilikuwa natoa zoezi huku, nakimbilia kule. Mtoto wa mwenzangu ni wa kike, anaendelea vizuri, hilo tumshukuru Mungu.

Na wiki moja ilikuwa ya msiba. Tulimzika mzee wetu wa karibu na shule, na kijiji chote kilisimama. Wiki hiyo siidai. Msiba ni wetu sote, na watoto nao wanapaswa kujifunza kusimama.

Kwa hiyo wiki ya msiba naiacha. Za likizo ya uzazi nazo naziacha, kwa kuwa mwajiri wa walimu ni serikali na tumekwishaomba mwalimu wa kuongeza. Zinabaki tano, tatu za mvua na mbili za njaa. Hizo tano, ndugu zangu, zinanunulika.

Nawajua. Mnapokuja Desemba mnapenda kuona kitu kinachoshikika. Kitu cha kupiga picha mbele yake, kikiwa na maandishi ya mwaka. Nimesikia kwamba mwaka huu limetolewa wazo la kujenga geti kubwa la shule na uzio wa mbele. Sisemi geti ni baya. Mkamwana haji kwa wakwe na kuwaambia nyumba yao haina uzuri. Ninachosema ni kwamba mimi nikiwa mwalimu siwezi kuandika kwenye daftari hili: "Wiki hii wamejifunza geti."

Mimi naomba wiki. Naomba mnitafutie zile tano, ili mwakani mtoto wa Darasa la Nne asizipoteze.

Wiki za mvua bei yake ni dari ya chumba kimoja. Mbao, bodi na fundi. Makisio yako kwenye ukurasa wa mwalimu mkuu.

Wiki za njaa hesabu yake wameifanya watoto wenyewe. Ilikuwa Ijumaa ya 22, tulipokuwa kwenye vipimo vya uzito. Tulichukua mizani ya duka, tukapima makande ya mtoto mmoja kabla ya kupikwa: mahindi gramu 150, maharage gramu 50. Zidisha kwa watoto 47: kilo 7 na gramu 50 za mahindi kwa siku, na kilo 2 na gramu 350 za maharage. Mwaka wa masomo una siku 194. Walihangaika siku mbili na kuzidisha huko, wakafuta, wakarudia. Jibu lao ni mahindi karibu magunia 14 ya kilo mia, na maharage magunia manne na nusu na kidogo. Wazazi wa Darasa la Nne walichanga mahindi magunia 10 na maharage magunia matatu. Wamejitahidi, tena katika mwaka ambao vuli haikuwa nzuri. Kilichopungua ni mahindi magunia manne na maharage gunia moja na nusu. Hicho tu ndicho kilichozima jiko kwa wiki mbili.

Kuna watakaouliza: si elimu ni bure? Ni kweli, ada iliondolewa, na ruzuku inakuja, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake inakwenda kwenye vitabu. Kwa darasa langu ni 470,000 kwa mwaka mzima. Inanunua chaki, karatasi za mitihani na matengenezo madogo. Chakula hakimo. Chakula ni sisi.

Halafu vitabu. Nikiwa na nakala 12 kwa kila somo, watoto wanakaa wanne kwa kitabu. Nikiongezewa 12 watakaa wawili wawili, na hakuna atakayesoma herufi zilizopinduka. Masomo ni sita, kwa hiyo vitabu 72. Mwanachama mmoja mmoja akitoa kitabu kimoja, safu hizi nne za mbele zinamaliza kazi kabla ya chai.

Nimalizie na wale 11.

Leo saba wanasoma. Hawasomi kama mtangazaji wa redio, wanasoma kwa kidole, lakini wanasoma maneno yaliyopo kwenye ukurasa uliofunguliwa. Wanne bado. Wiki mbili zijazo Darasa la Nne wote wataingia kwenye Upimaji wa Kitaifa, na hao wanne wataingia nao, wakiwa na penseli iliyochongwa na karatasi ambayo haiwaambii kitu. Nimefanya nilichoweza. Wakati mwingine usiku nahesabu: wiki tano mara siku tano, mara dakika 20 za asubuhi. Ni zaidi ya saa nane za kusoma. Huenda ndizo walizozikosa.

Yule binti wa ukurasa wa 12 yumo kati ya saba. Anaishi na bibi yake. Baba yake yuko hapa Dar es Salaam, na sijui, labda yupo humu. Kila mwezi anatuma pesa kwa simu pamoja na meseji. Bibi hajui kusoma, na miaka yote alikuwa anapeleka simu kwa wakala wa pesa amsomee.

Mwezi Agosti bibi alikuja shuleni. Nilidhani kuna tatizo. Akakaa kwenye benchi, akanieleza kwamba jioni moja simu ililia, na mjukuu wake akaichukua akaanza kusoma kwa kidole: "Mama, nimetuma elfu thelathini. Ishirini ya mbolea, kumi ya madaftari ya mtoto. Mwambie namkumbuka." Alipofika kwenye neno "mtoto" akasimama, akarudia, kwa sababu alitambua kwamba mtoto huyo ni yeye.

Bibi akaniambia, "Mwalimu, wakala alikuwa ananisomea tarakimu tu. Hayo maneno ya mwisho sijui yalikuwepo mara ngapi. Sikuwahi kuyasikia."

Ijumaa ile, ndugu zangu, niliandika mstari ambao ndio jibu langu kwa mzee wetu aliyeuliza. Nimeandika: "Mtoto mmoja amejifunza kusoma kile ambacho baba yake amekuwa akimwambia."

Ninyi mnatuma sana nyumbani, na sisi tulioko huko tunajua kwa jasho gani. Naomba mtusaidie ili mnachotuma kisomwe, na kisomwe na watoto wenu wenyewe. Dari moja, magunia matano na nusu, vitabu 72. Mkija Desemba mlango wa Darasa la Nne utakuwa wazi, na watoto wameniahidi kwamba watawapeleka kwenye ndiva. Njooni na ndoo.

Mzee wangu, asante kwa swali lako. Wakwe zangu, nimesema sana, mnisamehe.